Mtani Wangu Ameanza Kuniheshimu

Mwananyamala,
Dar es Salaam.

Kaka Maduhu,

Mwangaluka, kaka. Naandika asubuhi, watoto wamekwishaondoka kwenda shule na mimi nimeomba ruhusa ya kuchelewa kazini, kwa hiyo pokea salamu ya asubuhi hata kama barua itakufikia jua limezama. Mguu wa mama unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa binti wa mchungaji ilifika, au aliimalizia njiani kwa magoti yake mwenyewe? Na baba bado anabishana na redio? Hapa kwangu tu wazima. Kabula aliugua malaria lakini amepona, na sasa anakula kama mtu anayelipiza kisasi. Shemeji yako yuko bandarini kama kawaida, anakuamkia.

Barua yako ya pamba ilinichekesha mpaka nikamsomea shemeji yako kitandani. Eti siku hizi wanunuzi wamekuwa wengi hadi Nkololo mnawakagua kama wachumba, huyu mzani wake mzito, yule gari lake bovu. Wabeja kwa habari hizo. Nilipomaliza kucheka nikakumbuka kwamba nilikuwa na jambo langu la kukuandikia na nimeliahirisha mpaka leo.

Barua hii umeletewa na mtu. Nakuomba mpe kiti, mpe maji, halafu wewe nenda nyuma ya zizi uisome peke yako mpaka mwisho kabla hujamwambia neno lolote. Anaitwa Kondo. Ni yule dereva Mzaramo wa ofisini kwetu niliyewahi kukuandikia habari zake, aliyekuwa akila michembe ya mama, vile viazi vyake vya kukausha, huku akisema ni chakula cha ng'ombe, na akimaliza anauliza kama imebaki. Si dereva wa ofisini kwetu tena, na sababu yake ndiyo inayonifanya nione aibu kila ninapopita mahali alipokuwa akiegesha gari.

Mama huwaambia watu kwamba nawatafutia Wazungu shule. Si uongo. Tangu nchi ilipofungua milango wamekuja wengi, wa migodi, wa mabenki, wa simu, na wanakuja na watoto. Baba wa familia anakwenda mgodini huko kwetu kanda ya ziwa, lakini mke na watoto hawawezi kukaa kambini, basi kampuni yake inawapa miji miwili wachague, Dar es Salaam au Nairobi. Sisi tunawatembeza hapa siku chache, halafu wanapanda ndege kwenda kutembezwa Nairobi na ofisi yetu ya kule. Wakirudi wanasema wamependa wapi.

Na swali lao la kwanza, kaka, siyo nyumba wala hospitali. Ni shule. Nimezijua shule za kimataifa za mji huu kuliko ninavyoijua njia ya kanisani. Najua ipi ina bwawa la kuogelea, ipi walimu wake huondoka kila mwaka, ipi mtihani wake unakubaliwa Ulaya. Nasimama kando ya bwawa naeleza jinsi maji yanavyotiwa dawa, nimevaa viatu vya kuazima kwa jirani, na mama wa watu ananisikiliza kama daktari.

Nairobi nami nilipelekwa mara moja ili nijue ninachoshindana nacho. Kuna baridi nzuri, shule ni nyingi mpaka unachanganyikiwa, na mwenzangu wa kule Kiingereza kinamtoka bila kukwaruza. Lakini mageti ni marefu, mbwa ni wakali, na mgeni akitaka kushuka garini mjini anaambiwa avue kwanza hereni. Dar watoto wanacheza nje mpaka jioni na hakuna wa kuwagusa. Ila joto, mbu, na umeme unaokatika mwalimu mkuu akiwa katikati ya kujisifu. Kazi yangu ni kuisifu Dar bila kuisema vibaya Nairobi. Na mwaka huu tuliambiwa wazi kwamba ofisi itakayokosa familia itafungwa, kwa hiyo kila familia ilikuwa ni kazi zetu sote, mimi, Kondo, mhasibu, hadi mama wa chai.

Basi akaja Mama Klara. Ni mwanamke mrefu, mpole, ana watoto wawili, na alikuwa amejifunza Kiswahili kwao kwa kanda za redio. Alisema taratibu, kila neno kalipiga pasi. Kondo alimpenda mara moja. Wageni wengine hawamwoni dereva, lakini yeye alimwuliza habari za mkewe.

Wewe unajua nilivyokuwa naishi na Kondo. Siku ya kwanza nilipotaja kwetu, alipiga usukani kwa furaha akasema kumbe mpagazi wake amefika. Tangu hapo akawa ananiita hivyo, mpagazi wangu, eti mababu zetu walifika pwani na mizigo kichwani na Wazaramo ndio waliowafundisha kuvaa viatu. Na mimi nilimpa zake. Nilimwambia Wazaramo wakisikia ngoma wanamwacha hata mgonjwa kitandani. Nilipofiwa na mama mkwe, yeye ndiye aliyekuja kulala katikati ya jamvi la waombolezaji akikataa kuondoka mpaka apewe jogoo, na shemeji yako, ambaye hakuwa amecheka wiki nzima, akacheka. Ni kama yule bwana shamba Mzaramo tulipokuwa wadogo, aliyeingia jikoni kwa mama akabeba kibuyu kizima cha maziwa, na baba akajisifu nalo mpaka Maswa.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka kwenye shule ya pili kwenda ya tatu. Mama Klara alikaa nyuma na watoto wake, mimi mbele. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri, "Milembe, watoto wako wanasoma wapi? Ungenishauri shule hiyo?"

Kaka, Kabula anasoma shule ya hapa mtaani. Wanaingia kwa zamu, na zamu yake inakaa sakafuni. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku na nilimpeleka na gunia la kukalia. Nilijifanya natafuta kalamu kwenye mkoba. Nilikuwa nimetoka kumwambia yule mama mambo ya bwawa na maktaba, na sasa nimwambie gunia.

Kondo aliniona. Alijua habari za gunia, maana ndiye aliyenipa. Akadakia kwa sauti kubwa, "Mama, usimwulize huyu mambo ya shule. Huyu ni mpagazi wetu, tulimwokota barabarani. Ukimwachia watoto wako, jioni utakuta amewabadilisha kwa ng'ombe."

Nilicheka, kaka. Nilicheka mpaka machozi kwa sababu alikuwa amenifunika, na nikamjibu papo hapo, haraka haraka kama tunavyosema sisi kwa sisi, kwamba yeye akiachiwa hao watoto atawauza kwa nauli ya kwenda ngomani Kisarawe, na yule mdogo atamtoa bure kama nyongeza. Tukacheka wote wawili.  Nilipogeuka nilimwona Mama Klara amewavuta watoto wake, mmoja kila upande, na uso umebadilika rangi. Shule ya tatu hatukuifikia.

Jioni meneja aliniita. Alikuwa amempokea Mama Klara kwa saa nzima. Yule mama hakuwa mbaya, alikuwa ameogopa kweli, na tena alikuwa amenihurumia mimi. Alisikia dereva akimwita mwanamke mwenzake wa kazi mtu wa kubeba mizigo, akasikia mambo ya watoto kuuzwa, akaona nacheka mpaka natoa machozi, akadhani nalia kwa woga. Maneno ya Kondo aliyasikia yote kwa sababu Kondo alimwambia yeye, taratibu. Yangu hakuyapata hata moja.

Meneja akaniuliza kama Kondo aliyasema hayo. Nikasema ndiyo. Nikajaribu kueleza kwamba ni mtani wangu. Kwa Kiingereza nilichokuwa nacho ilitoka kwamba Kondo ni mtu wa kunifanyia mzaha kila siku kwa sababu ya kabila langu. Meneja akatikisa kichwa kwa huruma, akasema hicho ndicho kinachomsikitisha. Akasema familia hii ikienda Nairobi tutafunga.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema na yangu niliyoyasema garini. Yalikuwa maneno mabaya kuliko ya Kondo, maana yeye aliwabadilisha watoto kwa ng'ombe na mimi nikamtoa mmoja bure. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujitolea. Nilikaa na mikono magotini kama binti anayeposwa, nikasikia dereva wangu anafukuzwa kazi kwa ajili ya heshima yangu.

Na Mama Klara akachagua Dar. Alikwenda Nairobi, akaona baridi, akaona shule, akarudi akasema Nairobi shule ni bora lakini Dar ukilalamika unasikilizwa siku hiyo hiyo. Ndivyo alivyoandika, na meneja akatusomea kwenye kikao kwa furaha. Tulipigiwa makofi. Mhasibu alinunua soda. Ofisi haikufungwa, kaka, na sababu ya kutofungwa ni hiyo, na mimi soda ile niliinywa.

Sikwenda kwa Kondo. Utasema mbona hukwenda kumpa pole, ni Buguruni tu. Kila Jumapili nilivaa nikavua. Nilikuwa natafuta tusi la kuingia nalo, maana kwa mtani huwezi kuingia na samahani, na kila nililolipata lilikuwa halifai. Miezi ikapita hivyo.

Juzi juzi Mama Klara akaja ofisini. Watoto wake wamezoea, wanaogelea, wana marafiki, wanasema Kiswahili cha mtaani. Yeye anafundishwa na mwalimu mstaafu mmoja, mama wa Kinyamwezi, na somo la wiki hiyo lilikuwa utani. Alisimama mbele ya meza yangu bila kukaa. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Milembe," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia nilijaribu, Kiingereza kilinishinda.

"Mimi nasema Kiswahili," akasema. "Mimi nilikuwa mgeni. Wewe hukuwa mgeni."

 Aliniacha hapo akaenda moja kwa moja kwa meneja, na sijui walisema nini, ila nilipoitwa niliambiwa niende nikamwulize Kondo kama atapenda kurudi. Walinituma mimi kwa sababu walidhani kwangu litakuwa jepesi.

Nilikwenda jioni ile ile, na njiani nililipata tusi. Nikasema sitasema kitu, nitaingia uani nimkamate kuku wake kama anavyofanya mtani, nitamtia kwapani, na yeye atapiga kelele kwamba mpagazi amekuja kuiba, mkewe atatoka na mwiko, majirani watacheka, na yote yatakuwa yameisha bila mtu kusema yameisha. Nikaingia. Mkewe alikuwa akichambua mchele. Nikamkamata tetea mmoja mweupe, nikasema kwa nguvu kwamba kuku huyu ni wangu, Wazaramo hawajui kufuga.

Kondo alitoka ndani. Aliniangalia, akavuta kiti.

"Mchukue tu, dada," akasema. "Karibu ukae. Habari za kazi?"

Kaka, wewe umewahi kukamata kuku wa mtani ukapewa kwa upole? Nilisimama pale na tetea anapiga mabawa, sijui nimweke wapi. Hakuonyesha hasira wala kejeli. Aliniambia dada kama unavyomwambia mtu usiyemjua aliyekuja kuuliza njia. Nilimshusha yule kuku taratibu, nikafuta mikono kwenye kanga, nikakaa kwenye kiti nilichopewa.

Nikamweleza habari ya kurudi kazini. Akasema anashukuru, na nimwambie yule mama wa watu kwamba hamlaumu, alikuwa anawalinda wanawe. Lakini amekwishapata kazi kwenye kampuni moja inayonunua pamba, na msimu huu amepangiwa huko kwetu Bariadi, kupita vijijini na kupeleka mzigo kwenye kinu cha kuchambua pamba. Akauliza watoto wangu wanaendeleaje na shule. Nikamwambia Kabula hajambo. Hakuuliza habari za gunia, na mimi sikumwambia kwamba bado analikalia.

Nilitaka nimwambie maneno yangu ya garini nilivyoyaficha. Nadhani anajua. Alikuwa na miezi mingi ya kukaa uani akijiuliza kwa nini maneno ya mtu mmoja yalifika kwa meneja na ya mwingine hayakufika. Nilipoaga, alinisindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote, akasema, "Kama una mzigo wa nyumbani, dada, nitaufikisha."

Basi mzigo wenyewe ndio barua hii. Najua ataipokea kwa mikono miwili.

Nimekaa na jambo hili nikaona kwamba huku limenishinda, na kwamba huenda huko likawezekana. Mimi peke yangu ndiye niliyenyamaza. Ninyi hamjamkosea, na utani si wangu mimi, ni wetu wote. Kwa hiyo nakuomba, kaka, usimpokee vizuri. Atakuja kwa heshima. Atavua kofia, atamwamkia baba, atakaa pembeni ya kiti kama mtu wa serikali. Msimkubalie. Anza na kile kiti, umwulize nani amemruhusu Mzaramo kukaa mbele ya wenye ng'ombe. Mwulize pwani kumekosekana nazi hata amekuja kuomba kazi kwetu. Mwite bibi atoke, hata kama amelala, maana hakuna wa kumfikia bibi kwa hili. Mnyang'anyeni kofia yake mumvalishe ndama. Mwacheni aone zizi, jiko na jogoo wa baba, kisha mumpe mgongo, mumpe nafasi ya kuiba.

Na ikiwa ataanza, hata kwa neno dogo, usimwache peke yake kama nilivyomwacha mimi. Mjibu kwa sauti, wasikie mpaka kwa majirani, ili kila mtu ajue mlikuwa wawili.

Msalimie baba, mwambie redio haimsikii. Msalimie mama na mguu wake, nikipata nafasi nitakuja mwenyewe kuuchua. Msalimie wifi yangu mke wako, na mjomba wetu wa Sola ukimwona mnadani, na shangazi aliyeolewa Kimali, mwambie mtoto wetu wa pili, mwenye jina lake, anamwamkia. Msalimie katekista, bado namwogopa. Bibi mpigie magoti kwa niaba yangu, halafu mweleze kazi iliyo mbele yake.

Jambo la mwisho, kaka. Kondo akiondoka hapo nyumbani, niandikie. Akiwa amewatukana, nataka neno kwa neno, usinifichie hata moja, hasa yale aliyonisema mimi. Akimchukua jogoo, niambie alimchukua mkono gani na alipita mlango gani. Lakini akiwa amekaa mpaka mwisho kwa adabu, akanywa maji, akashukuru, akaaga kila mtu kwa jina, basi usiniandikie habari zake. Niandikie tu habari za pamba, na mimi nitaelewa.

Mdogo wako,
Milembe,
mpagazi wa Kondo, kama atakubali.